Pete Iliyopauka Ndani ya Kisanduku

Shangazi alifungua leso, akaitoa pete kwa ncha ya kalamu, akaisukuma hadi katikati ya meza kama mtu anayesukuma mende.

"Hiyo hapo, afande. Itazame mwenyewe. Mimi nisiseme sana, macho unayo."

Mpelelezi aliyekabidhiwa jalada hilo alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kituoni walimwita Bi Taratibu, mbele yake na nyuma yake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Aliinama akaitazama pete bila kuigusa. Ilikuwa pete ya ndoa, bapa, isiyo na kito. Ila rangi ya dhahabu haikuwepo. Ilikuwa nyeupe, weupe wa sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Upande wa ndani tu ndiko ulikobaki mstari mwembamba wa njano.

"Ilinunuliwa lini?"

"Wiki tano sasa. Na haijavaliwa hata siku moja!"

"Nashukuru. Ilikaa wapi wiki zote hizo?"

"Kwenye kisanduku chake. Kisanduku kwenye droo, droo ina ufunguo, ufunguo anao binti mwenyewe. Nilimwambia siku ile ile ilipoingia nyumbani: pete ya ndoa haivaliwi kabla ya siku yake. Ikivaliwa kabla, ndoa haifiki. Binti yangu ananisikia."

"Nashukuru kwa hilo," alisema Bi Taratibu, akaandika.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake nusu nzima. Wenzake walipiga meza na kukodoa macho. Yeye alishukuru. Alikwishajua kwamba mtu ukimshukuru kwa jibu moja, hukuongezea la pili bila kuombwa. Shangazi akaongeza.

"Juzi nikasema ngoja tuijaribu kwa mara ya mwisho, mimi nikiwepo, maana Jumamosi ndiyo harusi. Kufungua kisanduku, hivyo! Imepauka. Kumvisha, haiingii. Inagota kwenye kifundo kama mlango uliovimba mvua. Na dukani, afande, siku ile iliingia bila ubishi. Sasa niambie, dhahabu gani inapauka na kupungua ndani ya droo? Yule sonara aliwaonyesha ya kweli, akawafungia bati. Mimi huyu binti nimemlea tangu ana miaka miwili, kaka yangu alipofariki. Sitakubali aolewe na bati."

Koplo, kijana aliyenyooka kama rula, alikuwa amesimama nyuma ya kiti na jalada kwapani. "Kila kitu kipo, afande. Risiti inasema dhahabu, pete inasema bati. Mzee yuko ndani tangu jana. Kesho saa tatu anapanda mahakamani."

"Dukani kwake kukoje?"

"Watu wamejaa. Wanarudisha mikufu, wanarudisha hereni. Mmoja kavunja kioo."

Bi Taratibu aliifunika pete kwa karatasi. Kesho saa tatu. Mzee wa miaka sabini na mbili, duka moja miaka thelathini na minane. Mtu wa kazi ile akishafikishwa mahakamani kwa bati, hata akiachiwa mchana, jioni hana tena wa kumnunulia.

"Kalete gari, Koplo. Tunaanza kwa bwana harusi."

*

Bwana harusi alikuwa fundi friji. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mafriji yaliyogeuzwa migongo kama wanafunzi waliopewa adhabu. Ukutani palining'inia nyaya, koleo, na kipimajoto cha zamani cha kioo chenye tone la zebaki linalong'aa. Koplo alikitazama kipimajoto kile kwa muda mrefu.

Kijana alifuta mikono, akawapa debe lililogeuzwa wakalie.

"Ulichaguaje ile pete?" aliuliza Bi Taratibu.

"Ukweli, afande? Kwa hofu."

"Nashukuru kwa ukweli. Endelea."

"Sijawahi kununua pete maishani. Duka la kwanza waliniuliza nina kiasi gani kabla ya salamu. La pili vito vilikuwa vikubwa kama taa za lori. La tatu ndiyo kwa mzee. Nikamwambia nataka yenye kito, mwenzangu aonekane. Akaniuliza, huyo mwenzio anafanya kazi gani? Nikasema fundi cherehani. Basi akaichukua trei yote ya vito, akaifungia kabatini! Akasema, 'Kito kitakwaruza vitambaa vya watu. Itabidi aivue kila akikaa kwenye cherehani, na pete ya kuvuliwa kila siku ni pete ya kupotea. Mchukulie bapa.' Nikamwambia, mzee, lakini bapa ni bei ndogo. Akasema, 'Basi furahi.'"

Koplo alicheka, halafu akakumbuka kazi yake, akakohoa.

"Na kipimo cha kidole ulikipataje?"

Kijana aliona haya. "Nilimzungushia uzi kidoleni. Nikamdanganya kwamba napima kama uzi wake ni imara. Nikaupeleka kwa mzee. Akauvuta, ukarefuka. Akanirudishia. Akasema, 'Niletee kidole, usiniletee habari za kidole.' Ikabidi nimpeleke mwenyewe, siri ikaishia hapo."

"Nawe ulikuwepo alipovaa?"

"Nilikuwepo. Ilipita, ikasita kidogo kwenye kifundo, ikakaa. Mzee akafurahi. Akasema pete isiyosita kwenye kifundo itaondoka na maji ya kuogea. Akaipima kwenye mizani mbele yetu, akanilazimisha nisome namba kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaifunga. Nikaichukua mimi, na pale pale mlangoni nikampa mwenzangu mkononi. Sijaigusa tena mpaka leo."

"Yeye ana hali gani siku hizi?"

"Amechoka. Anasema ni presha ya harusi. Chakula hakimpandi, anasema kila kitu kina ladha ya chuma. Tunamtania kwamba amekula misumari yangu."

"Nashukuru sana," alisema Bi Taratibu, na mara hii aliandika polepole kuliko kawaida.

Nje, Koplo alishindwa kujizuia. "Huyu mzee ni mjanja, afande. Anajifanya mwema ili..."

"Ili auze cha bei ndogo?"

Koplo akafungua mlango wa gari.

*

Walimtoa sonara mahabusu, wakampeleka dukani kwake kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mfupi, mkavu, shati la juzi, mkono mmoja umeshika suruali kwa sababu mkanda wake ulikuwa kituoni. Kioo cha mbele kilikuwa na tundu lililozibwa kwa boksi. Alilitazama mara moja tu.

"Mzee wangu," alisema Bi Taratibu, "nataka ufanye kazi yako mbele yangu. Nihesabu kuwa ni mteja mkorofi."

"Wakorofi ndio nimewazoea. Naomba ninawe mikono kwanza. Sigusi mizani na mikono ya mahabusu."

Alinawa. Akavaa miwani. Alichukua kijiti cha chuma, chembamba huku na kinene kule, chenye mistari na namba, akaidondosha pete juu yake. Ikateremka, ikasimama.

"Soma, Koplo," alisema Bi Taratibu.

"Kumi na saba."

"Risiti?"

Koplo aliitazama risiti, akaitazama pete, akaitoa, akairudisha yeye mwenyewe. "Kumi na saba."

"Kwa hiyo haijapungua."

"Lakini haiingii kidoleni, afande! Shangazi mtu kaona, binti mwenyewe kaona."

"Nimesikia. Endelea, mzee."

Sonara aliweka lenzi kwenye jicho. Ndani ya pete, kwenye ule mstari wa njano, palikuwa na muhuri, na pembeni yake mikwaruzo miwili midogo sambamba. "Hiyo ni alama yangu. Naichora kwa mkono, watu hawaijui. Pete ni yangu. Sikubadilisha, wala hakuna aliyebadilisha."

Ikafuata mizani. Risiti ilisema gramu nne nukta mbili sifuri. Mizani ilisema nne nukta mbili saba.

"Mizani mbovu," alisema Koplo.

Mzee hakubishana. Alitoa jiwe la uzito, lile la kuhakikishia mizani, akaliweka, ikasoma sawasawa. Akairudisha pete. Nne nukta mbili saba.

"Imezidi," alisema Bi Taratibu. "Koplo, wewe umekamata wezi wengi kuliko mimi. Umewahi kuona mwizi anayekurudishia zaidi ya alichokuuzia?"

Koplo alikuna kisogo. "Bado."

Sonara alichukua jiwe jeusi la kujaribia dhahabu, akaupitisha ukingo wa pete juu yake. Mstari wa kwanza ulitoka mweupe. Akakaza mkono, akapitisha tena pale pale. Wa pili ukatoka wa njano. Akaulowesha kwa tone la tindikali, ule wa njano ukabaki kama ulivyo. Dhahabu safi, chini ya ngozi nyeupe.

Basi hapo mzee akafanya jambo ambalo Koplo alilisimulia kituoni wiki nzima. Aliiweka pete chini taratibu, akausogeza mbali mtungi wake wa gesi ya kuchomelea, akaenda kufungua dirisha. Akanawa mikono tena, mara mbili, kwa sabuni.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwako," alisema Koplo.

"Pete imetoka kwangu. Weupe haukutoka kwangu. Hii ni zebaki." Alikaa kwenye stuli yake. "Dhahabu ina kiburi, mwanangu. Haishiki kutu, na hiyo tindikali umeona yenyewe ilivyoshindwa. Lakini zebaki ikiigusa, inainywa kama mlevi. Inapauka na inazidi uzito. Ujana wangu nilifanya kazi machimboni, tulikuwa tunaokotea dhahabu kwa zebaki, kwa mikono mitupu. Rafiki yangu ilifika mahali hawezi kufunga kifungo cha shati. Mikono inatetemeka, miguu imevimba. Tulidhani karogwa. Alikufa na miaka ishirini na tisa." Akaitazama pete. "Huyo binti yuko salama?"

Mtu aliyelala sakafuni kwa ajili ya madai ya familia ile, swali lake lilikuwa hilo.

"Kipimajoto!" Koplo alipiga paja. "Afande, kule kwa fundi friji! Nilikiona kwa macho yangu. Kijana kajuta kununua, kaiharibu pete makusudi ili arudishiwe..."

"Nami nilikiona. Kilikuwa kizima, tone lake limejaa. Na pete ilipotoka hapa haikurudi kwake."

"Basi ilimwagikiwa ndani ya kisanduku."

Bi Taratibu alikifungua kisanduku, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kitambaa chake cha ndani kilikuwa safi, hakina doa wala chembe. "Ingemwagikiwa humu, ingepauka yote, ndani na nje. Hebu tazama huu mstari wa njano. Uko wapi?"

Koplo aliinama. "Upande wa ndani. Pale..." Akainyanyua mikono yake, akakitazama kidole chake mwenyewe. "Pale inapobana nyama."

"Mahali pasipopita kitu pete ikiwa imevaliwa."

"Lakini haijavaliwa hata siku moja! Ndivyo walivyosema."

"Ndivyo alivyosema shangazi. Binti sijamsikia bado." Bi Taratibu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Pete ni kumi na saba kama ilivyokuwa. Kidole ndicho ambacho si kile. Twende, Koplo."

Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu amjue, Koplo alilazimika kuharakisha hatua ili amfikie.

*

Bibi harusi alikuwa chumba cha uani, kwenye cherehani. Gauni lake mwenyewe lilikuwa limening'inizwa ukutani, jeupe, zuri, lenye mkono mmoja tu, wa pili haujashonwa. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Bi Taratibu alisimama mlangoni akahesabu. Mara ya kwanza uzi ulipita pembeni. Mara ya pili, pembeni. Mara ya nne binti aliiweka sindano mezani, akakalia mikono yake.

"Sindano imenikataa," alisema alipoona amechunguliwa, akacheka kidogo. "Karibu, mama. Nashonea watu magauni miaka saba, langu ndilo linanishinda."

"Ahsante, mwanangu. Nipe mimi." Bi Taratibu alitunga uzi, akamrudishia, akaketi karibu. Uso wa binti ulikuwa mweupe na mwororo kama ganda la yai, lakini masikio yalibaki na rangi ya zamani, na vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi. Kope za macho zilikuwa zimevimba. Kamba za viatu zilikuwa zimechora mitaro miguuni.

"Nipime kidole chako?"

Alitumia futi ya binti mwenyewe, ile ya kitambaa ya kupimia viuno. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kilikuwa kimezidi kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha sonara kwa karibu nusu sentimita kuzunguka.

"Mwanangu, kuna mzee yuko mahabusu. Kesho asubuhi anasimama mbele ya hakimu. Sikuulizi ili nikugombeze. Mimi pia ni mama. Uliivaa pete?"

Binti alitazama mlango kwanza.

"Shangazi yuko sebuleni na Koplo," alisema Bi Taratibu. "Hapa tuko wawili."

"Kila jioni," alisema binti. "Nilikuwa nafunga mlango, naivaa, nakaa nayo kidogo hapa. Naishika nguo nayo, nijione. Ilikuwa inaniambia kwamba ni kweli." Machozi yalimtoka bila sauti. "Ilipoanza kupauka nikajua ni ule mkosi. Shangazi alisema ikivaliwa kabla ndoa haifiki. Nikaifunga kisandukuni, nikajiambia labda itarudi. Waliposema ni sonara nikanyamaza. Mama, nilinyamaza! Mzee wa watu alituchagulia vizuri, na mimi nikanyamaza."

"Nashukuru umesema. Umesema kabla ya kesho saa tatu, na hilo ndilo muhimu. Sasa nisaidie moja tu. Jioni hizo, ukiwa nayo kidoleni, ulikuwa unafanya nini?"

"Nikishaoga naivaa, halafu napaka mafuta."

"Mafuta gani?"

Binti alivuta droo ya cherehani. Kilikuwa kikopo kidogo cheupe, kifuniko cha waridi, bado kikiwa ndani ya boksi lake la karatasi. Cha tatu, alisema, tangu tarehe ya harusi ipangwe. Asubuhi uso na shingo, jioni uso, shingo na mikono.

Mwenye binti na asome hapa mara mbili. Kikopo kilikuwa kizuri. Kilinukia maua. Mbele hakikuwa na neno lolote la kutisha, kilikuwa na picha ya mwanamke anayetabasamu. Bi Taratibu aligeuza boksi, akasogeza miwani, akashindwa, akamwita Koplo mwenye macho mapya. Koplo alisoma maandishi ya chini kabisa, madogo kama miguu ya sisimizi:

"Usipake ukiwa umevaa dhahabu, fedha, au bati."

Akasoma tena, kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Yaani pete waliionea huruma. Mtu je?"

Shangazi alikuwa amemfuata Koplo, amesimama kizingitini. Alikitazama kikopo mkononi mwa mpelelezi.

"Hicho kina nini? Hicho nilimnunulia mimi."

Bi Taratibu alikizungushia kikopo karatasi.

"Nilimnunulia mimi, ili ang'ae siku yake. Vyote vitatu. Muuzaji alisema kinatoka nje, ni salama, hata yeye anapaka." Aliutazama uso wa binti, akashuka mikononi, akashuka miguuni, kama mtu anayekagua nguo aliyoinunua na kuanza kuona matundu. "Afande? Kina nini?"

"Zebaki, dada yangu. Mvalishe viatu vya wazi. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

*

Daktari alichukua mkojo na damu, akarudi baada ya saa moja na nusu. Alikuwa mwanamke kijana mwenye kalamu nne mfukoni.

"Figo zimeanza kuvujisha," alisema. "Ndiyo sababu ya uvimbe. Mikono na ile ladha ya chuma ni hiyo hiyo zebaki. Anaacha leo, si kesho, na tutampa dawa ya kuitoa mwilini. Atakaa hapa siku kadhaa." Aliona nyuso zao. "Sikilizeni. Wengi naletewa wakiwa wameshapitiliza, nabaki kushika kichwa. Huyu atapona. Namshukuru aliyewashtua."

"Ni pete," alisema bwana harusi, aliyekuja mbio na mikono yenye masizi.

"Basi ishukuruni."

Kijana aliinama kwenye kitanda. "Jumamosi haiwezekani," alimwambia mwenzake. "Nimeshawapigia simu wa viti na wa maturubai. Mmoja kanuna. Mwache anune."

"Umekasirika?"

"Mimi? Nilidhani unanichoka. Kumbe unaumwa! Afadhali mara mia."

Binti akacheka, akalia, akacheka tena.

Saa kumi Koplo aliingia wodini na mtu nyuma yake. Ni sonara. Mkanda wake ulikuwa kiunoni na saa yake mkononi. Koplo mwenyewe ndiye aliyemrudishia pale kaunta ya kituo, na mashahidi wanasema alisema, "Mzee wangu, nisamehe," mbele ya zamu nzima. Jalada lilikuwa limefungwa. Walimwambia aende nyumbani akapumzike. Alisema atapumzika akishamwona binti.

Alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. "Pete bado iko kwangu, nimeifungia kwenye chupa. Moto siigusishi, mvuke wake ni ule ule. Nitawatengenezea nyingine. Lakini si leo, wala msinichagulie tarehe. Hicho kidole kikishatulia, mje nacho wawili."

"Mzee," alisema binti, "mimi ndiye niliyenyamaza."

"Nimeambiwa. Nami nilikuwa na mabinti watatu, hakuna hata mmoja aliyekuwa anasema kitu kwa wakati." Akamgusa mguu juu ya shuka. "Pona."

Bi Taratibu alimvuta Koplo kando, karibu na dirisha. "Dukani kwa muuza mafuta?"

"Tumemkamata muuzaji. Rafuni tulikuta boksi la vikopo kumi na viwili, limefunguliwa. Vimebaki vinne." Koplo alishusha sauti. "Vinane vimetoka, afande. Vitatu ndivyo hivi vya binti. Vitano hajui aliwauzia kina nani. Anasema wanawake, basi, wanawake tu."

Vitano. Bi Taratibu alitazama uwanja wa hospitali, watu wakipita na vikapu vyao. Vitano hivyo vilikuwa kwenye droo za watu, vinanukia maua. Huyu mmoja amepona kwa sababu kijana alimnunulia pete, na kwa sababu alishindwa kukaa bila kuivaa. Wengine huenda hawakuwa hata na hereni ya dhahabu ya kuwasemea.

"Mimi nawajua wawili."

Aligeuka. Alikuwa shangazi. Tangu mchana alikuwa amekaa kwenye kiti pekee kilichokuwepo, pembeni ya kitanda, ameshika kitambaa cha kichwa cha binti, hajala wala hajanywa. Sasa alikuwa amesimama.

"Jirani yangu wa mtaa wa juu, mwanawe ana mahafali. Na mke wa mwashi. Niliwaelekeza mimi, afande. Niliwapeleka hadi mlangoni kwa yule muuzaji, nikawaambia, tazameni mwanangu anavyong'aa." Alikuwa anatafuta viatu vyake chini ya kitanda kwa mguu mmoja. "Hao wawili watajua wengine. Nikiwaambia mimi watasikia. Polisi akigonga watakificha kikopo."

"Nashukuru," alisema Bi Taratibu, na hakuwa anachimba jibu la pili.

Shangazi alikwishavaa viatu. Alikivuta kile kiti, akakigeuza, akakipangusa kwa kiganja, akamsogezea sonara. Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu alipomletea polisi mlangoni.

"Mzee, kaa hapa," alisema. "Niangalizie mwanangu. Nakwenda kwa watoto wa wenzangu."

Mzee alikaa.